Sika Iliyoandikwa Kosa: Alama Moja Iliyoamua Mashindano ya Fidla Unguja

Karatasi ya alama ninayo hadi leo. Ni karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, na pembeni mwa mstari wa kwanza jaji mwenzangu ameandika kwa wino mwekundu: "Noti ya 3 iko chini. Amerudia." Alama aliyoitoa ni 4 kati ya 10. Binti wa miaka 17, aliyepiga fidla vizuri kuliko mtoto yeyote wa umri wake niliyewahi kumsikia, akaukosa ushindi kwa alama 1.

Mwenyekiti wa majaji siku ile nilikuwa mimi. Rekodi nimeisikiliza mara nyingi tangu hapo, nimezungumza na wenzangu wote wawili, na nimeona nikieleze kisa chote pamoja na sehemu yangu. Watakaoandaa mashindano mengine ya vyombo vya nyuzi hapa kwetu watalikuta jambo hili hili, la kupima muziki wa skuli moja kwa kipimo cha skuli nyingine, mlangoni, na ni bora walikute wakiwa wanalijua.

Mashindano yenyewe yalikuwa madogo. Vijana 11, wote chini ya miaka 20, ukumbi wa kukodi Mji Mkongwe, kuanzia asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Vyombo vilivyoruhusiwa ni fidla, selo, udi na kanuni, ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Kila mmoja alipewa dakika 8 na uhuru wa kuchagua cha kupiga. Zawadi ya kwanza ilikuwa fidla mpya na sanduku lake, na hilo si dogo. Wapigaji wengi wa umri huo hupiga fidla za kuazima, nyuzi moja moja zimeungwa kwa subira. Waandaaji, ambao sitawataja, walikuwa na nia njema na haraka nyingi. Karatasi ya alama waliitoa kwenye intaneti, kwenye mitihani ya muziki ya Ulaya, wakaitafsiri usiku mmoja. Vipengele vinne: usahihi wa sauti, mwendo, mkono, na hisia. Kila kimoja alama 10, jaji mmoja 40, majaji watatu 120. Niliisoma, nikaona maneno yake mazuri, nikaipitisha. Kosa la kwanza la siku ile lilifanyika hapo, kabla kijana yeyote hajagusa uzi, na lilikuwa langu.

Majaji tulikuwa watatu. Mmoja ni mwalimu wa fidla kutoka Dar es Salaam, aliyesomea chombo hicho Ulaya kwa miaka. Huyu nitamwita Mwalimu. Wa pili ni mpiga kanuni wa Malindi, mtaa wa hapa hapa Mji Mkongwe, aliyekulia ndani ya taarab, mtu ambaye sote tunamwita Mzee. Wa tatu mimi. Nilijifunza fidla kwa kukaa nyuma ya wakubwa kwenye mazoezi, noti za karatasini nikazisoma baadaye. Nadhani ndiyo sababu walinipa uenyekiti: nazijua njia zote mbili, ya taarab na ya Ulaya.

Kwamba njia ni mbili, na zote zina haki ya kuwapo katika mji huu, halihitaji ubishi. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na kutoka hapo muziki wa Cairo ukapata maskani kwetu. Vikundi vyetu vya taarab, Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na katika zote mbili fidla inakaa safu ya mbele. Mwaka 2002 kikaanzishwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, na humo kijana anaweza kufundishwa rast, mojawapo ya maqam, yaani skeli za muziki wa Kiarabu, na konseto, kipande cha Ulaya cha mpigaji mmoja mbele ya okestra, ndani ya jengo moja. Kwa hiyo siku ile ukumbini tulikuwa na watoto wa njia zote mbili, wote wameshika chombo kile kile, kwa mbao zile zile na nyuzi zile zile nne. Hapo ndipo mtu anapodanganyika. Akiona udi anajua anakwenda kusikiliza nini. Akiona fidla hajui, na karatasi yetu haikumwambia.

Binti alikuwa wa pili kupanda. Alikaa kitini kama wanavyokaa wapigaji wa vikundi vyetu, akaupitisha upinde kwenye nyuzi tupu mara moja, polepole. Sol, Re, Sol, Re. Fidla ya skuli ya Ulaya hutyuniwa Sol, Re, La, Mi. Hii ya binti ilikuwa imetyuniwa Kiarabu, na mwenye kuujua mtyuno huo alikwisha kuambiwa kila kitu kwa mpito mmoja wa upinde. Mzee aliweka kalamu chini. Binti akaanza na taqsimu ya rast, yaani kupiga kwa kubuni papo hapo, kama dakika 3 bila ngoma wala mwendo wa kuhesabu, kisha akaingia kwenye bashraf, kipande kilichotungwa chenye mwendo wake.

Ugomvi wote uko kwenye noti ya tatu ya rast. Mtu akianzia Do, noti hiyo haikai kwenye Mi ya piano, wala haikai kwenye Mi iliyoshushwa nusu. Inakaa katikati yao. Wakubwa zetu wanaiita sika, neno lililotoka Uajemi lenye maana ya mahali pa tatu. Wapimaji wa sauti huigawa oktava, yaani umbali kutoka Do hadi Do inayofuata, sehemu 1200 na kuziita senti: Mi ya piano iko senti 400 kutoka Do, Mi iliyoshushwa iko 300, na sika iko kwenye 350 hivi. Nasema hivi kwa sababu Waturuki huipandisha zaidi, Wamisri huiteremsha, na sisi tunafuata ilikotoka kanuni yetu. Kwenye fidla ya Sol-Re-Sol-Re, anayeitafuta ni kidole cha kwanza juu ya uzi wa Re. Shingo ya fidla haina alama ya kukuonyesha. Anayekufundisha hukisogeza kidole chako kwa unene wa ukucha, anasema "hapo", na kesho yake anakisogeza tena, na mwezi wa tatu bado anakisogeza.

Sasa, Mwalimu alikuwa ameweka simu yake mezani, imewashwa programu ya kutyuni. Hakuwa na nia mbaya. Anafundisha nayo kila siku. Tulikaa meza moja, bega kwa bega, na kioo cha simu nilikiona vizuri kama yeye. Binti alipoigusa sika mara ya kwanza na kuikalia, sindano ya simu ilianza kuyumba. Mara iliandika Mi na kuweka rangi nyekundu upande wa chini, mara ikaandika Mi ya nusu na kuweka nyekundu upande wa juu. Programu ile inazijua noti 12 tu, na kila inachosikia inakitafutia jirani miongoni mwa hizo. Sika haina jirani humo. Nilimwona Mwalimu akikunja uso. Upande wangu wa pili Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kinakwenda polepole, namna watu wetu wanavyofanya kitu kikiwaingia.

Mkono wangu ulikuwa umeanza kuandika 9. Nikaitazama simu tena, nikaandika 7.

Alama zake zilitoka hivi. Mwalimu alimpa 4 kwa sauti, 8 kwa mwendo, 6 kwa mkono, 8 kwa hisia, jumla 26. Mzee alimpa 9, 9, 8 na 10, jumla 36. Mimi 7, 8, 8 na 8, jumla 31. Zote pamoja 93.

Kijana aliyeshinda alipanda wa tisa, akapiga sehemu ya kwanza ya konseto ya Vivaldi, mtunzi wa Kiitaliano wa zamani. Alipiga vizuri, na hili nalisema kwa moyo wangu wote kwa sababu baada ya mashindano yapo maneno mtaani yaliyomwonea. Upinde wake ulikuwa safi, mabadiliko ya nyuzi hayakusikika kukwaruza, na pale penye noti nyingi za haraka hakukimbia. Mwalimu alimpa 9, 8, 9 na 8, jumla 34. Mzee alimpa 8, 8, 8, kisha kwenye hisia akaweka 5 na kuandika "haina ladha", jumla 29. Mimi nilimpa 31. Jumla yake 94.

Mwenye macho ataona kwamba mimi, mwenyekiti, niliwapa wote wawili 31. Nilidhani huo ndio usawa.

Siku ya pili yake binti alikuja nyumbani na mama yake mdogo. Walikaa barazani, nikaamkiwa, tukaulizana hali, chai ikaja, na chai ikapoa. Mama mdogo hakuja kudai fidla. Binti ndiye aliyekuwa na neno.

"Maalim, nimekosa wapi?"

Nikamwonyesha karatasi, kwa sababu niliona ni haki yake. Alisoma maneno ya wino mwekundu kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, "Noti ya tatu iko chini ya nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa hapo kwa hapo. Nilimwambia anipe wiki.

Rekodi ya waandaaji niliiomba nikaipeleka kwa mpiga kanuni mwingine, si yule Mzee aliyekuwa jaji, kwa sababu nilitaka sikio lisilo na upande katika shauri hili. Kanuni ni shahidi mzuri kwa jambo la namna hii. Ina nyuzi zaidi ya 70, na ubavuni mwake kuna vyuma vidogo vinavyoinuliwa na kulazwa ili kubadili sauti ya uzi kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo sika ya kanuni hupangwa kabla ya kupigwa. Kidole hakiwezi kuteleza. Tulipanga rast, tukasikiliza kipande kwa kipande, tukasimamisha kila mahali binti alipoikalia sika. Tulizihesabu sika 14. Kati ya hizo, 12 zilikaa pale pale ilipokaa ya kanuni, kiasi kwamba tulipozipiga pamoja sauti zilishikana hazikutetema. Mkono unaokosea hautui mahali pamoja mara 12. Hoja hii peke yake ingetosha kumshitua jaji yeyote, hata asiyewahi kusikia rast maishani: akiona "kosa" linarudi bila kuyumba hata kidogo, ajiulize kama anachokisikia ni kosa au ni lugha asiyoijua.

Zilibaki mbili. Hizo zilipanda. Zote mbili zimo ndani ya bashraf, mkono unaporudi kwa haraka kutoka karibu na mwili wa fidla hadi mwanzo wa shingo; kidole cha kwanza kilitua mbele ya mahali pake, na sika ikawa karibu na Mi ya piano. Yaani alipokosea kweli ndipo simu ya Mwalimu ilipotulia kidogo. Makosa hayo mawili hayakuandikwa na Mwalimu, hayakuandikwa na Mzee, na mimi sikuyasikia siku ile kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na kutafuta alama isiyomuudhi mtu.

Mwalimu alikuwa ameandika jambo la pili, kwa herufi ndogo chini ya karatasi: noti ya 7 haitulii. Hili nalo tulilifuatilia. Katika rast ya Do, noti ya saba ikiwa inapanda hukaa katikati, Si isiyo ya piano, ndugu yake sika. Ikiwa inashuka, mara nyingi huteremshwa hadi Si ya nusu. Binti alifanya hivyo kila mara, kama alivyofundishwa. Nilipompigia simu Mwalimu kumweleza, sikuanza na rast. Nilimuuliza kuhusu skeli ndogo ya Ulaya, ile ya kupigia wimbo, ambayo noti ya sita na ya saba hupandishwa mtu akienda juu na hurudishwa akishuka. Mwanafunzi wake akifanya hivyo humkata alama? Alinyamaza kidogo. Akasema, "Umenishika, bwana." Kisha akaniomba nimpelekee rekodi, na baada ya siku mbili akanipigia mwenyewe akaniambia angempa 8. Namheshimu kwa simu ile kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Hakuwa na chuki na mtoto wala na muziki wetu. Alihukumu kwa kipimo alichokabidhiwa, na aliyemkabidhi ni mimi.

Mzee alikuwa mgumu zaidi. Nilimwendea Malindi baada ya Ijumaa, nikamkuta amekaa na wenzake. Nilipomgusia ile 5 aliyompa kijana wa Vivaldi alinitazama kama nimemwambia ale chakula kisichotiwa chumvi.

"Mwanangu, yule anapiga kama anasoma barua ya mtu mwingine."

"Mzee wangu, ulitaka afanye nini?"

"Ainakshi. Aizungushe kidogo. Noti ndefu vile anaiacha kavu?"

Hapo ndipo nilipoona mizani imelala pande zote mbili. Mzee alikuwa akimhukumu Vivaldi kwa kumtaka apambwe kama taqsimu, sawasawa na Mwalimu alivyoihukumu rast kwa kuitaka ikae kwenye Mi. Katika skuli aliyofundishwa kijana yule, kwenye kipande kile, ukavu ule ni adabu: noti ndefu hubebwa na upinde, inavimba na kupungua, na mkono wa kushoto unatulizwa. Alifanya hivyo na alifanya vizuri. 8 ingekuwa haki yake.

Basi hesabu. Tukiirudisha 4 ya Mwalimu iwe 8 kama alivyokiri mwenyewe, binti anapata 97. Tukiirudisha 5 ya Mzee iwe 8, kijana anapata 97. Sare. Inabaki alama yangu ya sauti. Kwa sika 12 zilizokaa na 2 zilizopanda, ningempa binti 8. Niliandika 7, na niliiandika nikitazama simu ya mtu. Kwa alama hiyo moja angeshinda, 98 kwa 97. Ndiyo maana sikubali kusikia kwamba Mwalimu ndiye aliyemnyima. Wenzangu walisema walichokisikia. Mimi nilisikia kimoja nikaandika kingine.

Kuna upande wa kisa hiki ambao watu wengi waliuruka, nao ndio ulionisumbua zaidi. Mzee aliwahi kumfundisha binti yule kwa miaka miwili. Mashindano makubwa ya dunia yana kanuni juu ya hili: jaji hampigii kura mwanafunzi wake. Ni kanuni njema na wiki ya kwanza nilisema laiti tungekuwa nayo. Kisha nikaijaribu kwa alama zetu. Tukiitoa alama ya Mzee, binti anabaki na 26 na 31, wastani 28.5, kijana ana wastani wa 31.3. Kanuni ya haki ingemtupa mbali zaidi, kwa sababu ingeliondoa mezani sikio la pekee lililoijua sika bila woga. Hapa kwetu anayejua kuhukumu rast na anayeifundisha ni watu wale wale, wanahesabika kwa vidole, na kila kijana amepita mikononi mwa mmoja wao, au ni ami yake, au walikaa mtaa mmoja. Siitetei alama ya 36. Nasema tu kwamba kanuni ile inafaa pale penye majaji wa kutosha kubaki mezani baada ya mmoja kusimama.

Wapo walionishauri pazia. Okestra ya Boston ilianza kuwasikiliza waombaji wa nafasi nyuma ya pazia mwaka 1952, na okestra nyingine za Marekani zikafuata, ili mwenye kusikiliza asimjue mpigaji ni nani, mwanamume au mwanamke. Naipenda fikra hiyo, lakini kwetu isingesaidia. Mpito mmoja wa upinde kwenye nyuzi tupu, Sol, Re, Sol, Re, na sote tungejua ni skuli gani, na Mzee angejua ni mkono wa nani.

Zamu nayo nimeifikiria, kwa kuwa binti alikuwa wa pili na kijana wa tisa. Wachumi wawili, Flôres na Ginsburgh, waliandika 1996 juu ya mashindano ya Malkia Elisabeth ya Brussels, wakaona kwamba wanaopiga siku ya kwanza ya fainali huwa na nafasi ndogo ya kufika juu, ilhali zamu hupangwa kwa kura. Jaji wa mwanzo hubana alama, hajui yanayokuja. Kwa asubuhi moja na vijana 11 siwezi kudai hilo ndilo lililotupata, lakini nilizipitia karatasi zangu zote na nikaona waliotangulia niliwabania kweli.

Ugomvi wa robo toni, yaani noti za katikati kama sika, ni mkubwa kuliko sisi na wa zamani kuliko sisi. Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha mkutano wa muziki wa Kiarabu Cairo, wakahudhuria wanamuziki wa nchi za Kiarabu na Uturuki pamoja na Wazungu wakubwa wa fani, akiwamo Béla Bartók, Paul Hindemith na Curt Sachs. Walibishana kama oktava igawanywe robo 24 zilizo sawasawa, na kama piano ikubaliwe katika muziki huo. Wapo Wamisri walioitaka piano kama maendeleo, na wapo Wazungu walioikataa kwa kuhofia itaziua noti za katikati. Nalitaja hili kwa wanaodhani kwamba jambo hili ni Mzungu na Mwarabu, au Dar na Unguja. Hata wao kwa wao hawakukubaliana sika ikae wapi, na kila aliyepeleka kipimo chake alikuwa na sikio zuri.

Na majaji kutengana kiasi hiki si aibu ya visiwa vidogo. Kwenye fainali ya mashindano ya piano ya Chopin, Warsaw, mwaka 2015, jaji mmoja alimpa Seong-Jin Cho wa Korea Kusini alama 1 kati ya 10, wakati wengi wa wenzake walimpa 9. Cho alishinda hata hivyo. Majaji walikuwa zaidi ya 15, na alama moja ya namna hiyo inazama. Katika watatu haizami. Katika watatu inakuwa hukumu.

Fidla ilikaa kwa kijana. Kanuni zilisema uamuzi wa majaji ni wa mwisho, na mimi niliwaambia waandaaji wasimnyang'anye, hakuiba, alipewa. Walichokubali ni barua. Niliiandika mwenyewe, tukatia saini wote watatu, Mwalimu akaja kwa boti kutia yake. Inasema kwamba alama ya usahihi wa sauti aliyopewa binti haikuwa sahihi, na inaeleza kwa nini. Mzee alitaka tuongeze sifa. Nilikataa. Binti hakuomba sifa.

Karatasi ya alama tumeibadilisha, na yaliyobadilika si mengi. Mshiriki sasa anaandika mwenyewe, kabla ya kupanda, nyuzi zake amezityuni vipi na anapiga maqam gani au ufunguo gani. Akikaa, hupiga nyuzi tupu, kisha hupanda na kushuka skeli yake mara moja bila kuhesabiwa alama, ili jaji apate kipimo kutoka kwa mpigaji na si kutoka mfukoni mwake. Neno "usahihi wa sauti" limebaki, limeongezewa "kwa njia aliyoitangaza". Majaji wanakaa mbalimbali na hawazungumzi hadi karatasi zimekusanywa. Kwenye mashindano yale ya Brussels majaji hawajadiliani kabisa, na baada ya siku ile naelewa kwa nini. Simu zinabaki nje. Tumekubaliana wawe watano, na wawili angalau waijue njia ya mshiriki. Wakikosekana Unguja watafutwe Pemba au Mombasa, nauli itoke kwenye fungu la zawadi. Hili la nauli lilileta maneno mengi kuliko yote, na bado nalisimamia. Fidla ya bei nafuu kidogo na jaji wa tano ni bora kuliko fidla ya fakhari na majaji watatu.

Kipengele cha hisia hatujakipatia maneno. Mzee anataka kiitwe ladha. Mwalimu anataka kifutwe. Tumekiacha wazi.

Wiki niliyoiomba ilipokwisha nilimwita binti, akaja tena na mama yake mdogo, safari hii amebeba fidla yake ya kuazima kwenye mfuko wa kitambaa. Nikampa barua. Aliisoma, akaikunja, akampa mama yake aiweke. Nikamweleza habari ya kanuni, sika 14, na zile 12 zilizoshikana. Alisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye mbili zilizopanda ndipo aliponyanyua macho.

"Hizo mbili, Maalim, ziko wapi?"

Nikamfungulia rekodi. Ya kwanza aliisikia kabla sijamwonyesha. Ya pili aliomba irudiwe. Akatoa fidla, akapitisha upinde, Sol, Re, Sol, Re, akaurudisha mkono kutoka chini ya shingo kama anavyourudisha kwenye bashraf, na kidole kikatua mbele tena, pale pale. Akakitoa. Akarudia polepole. Mama mdogo alimwambia wachelewa daladala. Aliitikia, "Naam, mama," na hakuinuka. Aliendelea kuurudisha mkono, mara kwa mara, hadi alasiri ilipoadhiniwa.